Mwaka Nilipodhaniwa Napiga Ramli

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa ya kuangalia mchanga. Uhuru ulikuwa bado mbichi, bendera kwenye ofisi ya wilaya pale Kwale haijaanza kupauka, na mimi nilikuwa nimemaliza shule ya wasichana Mombasa nikarudi nyumbani Msambweni kungoja majibu ya mtihani. Wenzangu walikuwa wakitaja ukarani, uuguzi, ualimu. Mimi nililetewa salamu na mwalimu wangu wa shule kwamba kuna mwanamke wa Kizungu, daktari, amepanga nyumba Diani na anatafuta msichana anayejua Kiingereza na anayeweza kuzungumza na watu wa huko bara, Waduruma wa upande wa Kinango. Mimi ni Mdigo, na Mdigo akikutana na Mduruma hawahitaji mkalimani. Nikaenda.

Nilidhani ni daktari wa kutibu. Njia nzima nilijikumbusha namna ya kufunga bendeji. Nilipopiga hodi alinifungulia mama wa makamo, mrefu, suruali ya kaki ameikunja mpaka magotini, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Sebule yake haikuwa na kiti hata kimoja. Palikuwa na meza ndefu, juu ya meza chupa, na ndani ya kila chupa mchanga. Nje, hapo hapo mbele ya baraza, ufuo wote wa Diani ulikuwa umelala mweupe, wa bure, mchanga wa kumtosha mtu maisha yake yote. Lakini ule wa chupani ulikuwa mwekundu kama chungu kipya. Alikuwa ameufuata mwenyewe kwa Landrova katika nyika ya Taru, ng'ambo ya Kinango, karibu na Samburu, pale ambapo reli na barabara ya kwenda Nairobi zinapita.

Siku hiyo ya kwanza alinikalisha juu ya sanduku la mbao akanieleza kazi. Kwao, alisema, kuna wataalamu wanaounda chombo cha kurushwa mpaka Mirihi, ile sayari nyekundu inayoonekana angani kama kaa lililokaribia kuzimika. Chombo hicho hakitachukua mtu. Kitachukua kisanduku, na kisanduku kitachota mchanga wa huko, kiutie kwenye supu, kisha kingoje. Kama mchangani mna vijidudu hai, hata vile visivyoonekana kwa macho, vitakunywa supu, vitazaana, na supu itaingia ukungu. Kama hamna kitu, supu itabaki safi. Ila kabla ya kukirusha huko mbali ilibidi kisanduku kijaribiwe kwanza hapa duniani, kwenye mchanga mkavu usio na uhai mwingi. Wenzake walikuwa wamegawana majangwa makubwa ya dunia. Yeye, miaka ya nyuma, aliwahi kupanda treni kutoka Mombasa, akachungulia dirishani magharibi ikiingia, akaiona nyika ya Taru inawaka kwa wekundu, akasema moyoni kwamba Mirihi ndiyo hii.

Nilikubali kazi papo hapo. Nilikuwa na umri wa kukubali chochote chenye safari ya gari.

Siku za kazi nililala kwa shangazi yangu Ukunda, na mwisho wa wiki nilirudi Msambweni. Asubuhi nilichemsha vijiko na koleo kwenye sufuria ya mvuke, nikapika supu ya nyama, nikaichuja mpaka ikawa angavu kama chai ya rangi, nikaijaza chupani. Supu ile ilinukia mno. Dereva wetu, Mduruma aliyezaliwa huko huko Samburu, mtu wa kanisa, ambaye mimi nilimwita Ami kwa heshima ya umri wake, alikuwa akisema ni dhambi kuunywesha mchanga supu ya ng'ombe na watu wapo. Daktari alimtilia bakuli kila siku, naye aliendelea kusema vile vile huku anakunywa.

Mara kwa mara tulikwenda Taru. Daktari alikuwa amechagua uwanda mmoja mtupu, ambapo hata mwiba ulikuwa umekata tamaa, akapigilia vigingi vinne na kuzungusha kamba. Ndani ya kamba hiyo hapakukanyagwa na mtu wala mbuzi. Yeye mwenyewe alipotaka kuchota alifunga kitambaa mdomoni, akavaa glavu zilizochemshwa, akainama juu ya kamba kama mtu anayemvisha mtoto mchanga nguo. Wachungaji waliopita walisimama wakatusalimu kwa adabu, wakauliza tunafanya nini. Niliwaeleza habari za Mirihi. Mmoja akauliza kama huko kuna malisho. Nikamfasiria Daktari, akasema hakuna. Akauliza kama kuna maji. Daktari akasema hajui, labda hakuna pia. Yule bwana akatutakia safari njema, akaswaga ng'ombe wake.

Tatizo letu lilikuwa moja: kile kisanduku cha majaribio alichokuja nacho, kilichochota mchanga na kuutia kwenye chupa zangu za supu, hakikuona kitu. Wiki baada ya wiki supu ilikaa chupani angavu kama siku niliyoipika. Daktari alikuwa na hakika kwamba mchanga ule una uhai, kwa sababu, alisema, ni vigumu sana kupata pahali duniani pasipo na chochote. Na kama kisanduku hakiwezi kuona uhai wa Taru, kitauonaje wa Mirihi? Akaanza kukonda. Kahawa ikawa ndiyo chakula chake, na mara nyingine nilimkuta anakisemesha kile kisanduku kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto ale.

Wakati yeye anahangaika na hayo, mimi nilikuwa najipatia sifa nisiyoitaka.

Kwetu pwani, ukisema unaangalia mchanga ili ujue jambo, umesema unapiga ramli. Mpiga ramli hutandaza mchanga ubaoni, akachora nukta na mistari kwa kidole, kisha akakwambia kitu chako kilichopotea kiko wapi na anayekuonea kijicho ni nani. Habari ilipoenea kwamba kuna binti Mdigo, msomi, anafanya kazi na Mzungu kwenye nyumba iliyojaa mchanga wa nyika, hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka Gazi. Alikuja asubuhi na kuku kwapani, akaketi kwenye ngazi ya jikoni. Mumewe alikuwa ameondoka kwenda Nairobi, utingo wa lori, na tangu Ramadhani hajaleta neno. Nilimwambia kwa heshima kwamba amekosea nyumba, sisi hatupigi ramli.

"Na huo mchanga mnaoutazama," akasema, "mnatazama nini?"

Nikatafuta maneno mepesi. Nikamwambia tunatazama kama ndani yake mna kitu kilicho hai.

Akamshika yule kuku miguu sawasawa. "Basi niangalizie," akasema, "kama yu hai."

Nilikaa naye pale ngazini, nikamwambia siwezi kumwona mtu, wa karibu wala wa mbali, lakini nitamwombea. Akaniangalia kwa namna ya kusema, huyu binti ni mnyenyekevu, wakubwa wa kazi hii ndivyo walivyo. Niliporudi kutoka ndani kumletea chai alikuwa ameshaondoka, na kuku amefungwa mguu kwenye kitasa cha mlango.

Wiki iliyofuata mumewe akashuka Gazi, mzima, amenenepa, na redio mpya mkononi.

Baada ya hapo sikupumua. Alikuja aliyepotelewa na mbuzi, alikuja aliyeletewa posa mbili asijue ashike ipi, alikuja mpishi wa nyumba ya jirani aliyemshuku mtunza bustani. Wote niliwaambia maneno yale yale, na wote waliondoka wakiamini kwamba nimewaficha. Daktari alidhani watu wa nchi mpya wana hamu kubwa ya sayansi. Alifurahi sana, akaniagiza kila mgeni apewe chai na biskuti.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani Msambweni, mtu mpole, asiyependa kelele. Jumamosi moja alinikuta uani nimekalia mbuzi nakuna nazi, akavuta kigoda.

"Mwanangu, msikitini nimeambiwa nina binti anayepiga ramli."

"Si ramli, Baba. Ni elimu."

"Wapiga ramli wote husema ni elimu."

Nikamweleza yote tangu mwanzo. Ubaya ni kwamba kila nilivyozidi kueleza ndivyo jambo lilivyozidi kuharibika. Mchanga ulioletwa kutoka nyikani. Nyota nyekundu. Mvuke jikoni, supu ambayo hanywi mtu ila dereva, na kungoja majibu. Mama yangu, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, aliacha kupepeta. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye hamhukumu mtu kwa maneno ya barazani wala kwa maneno ya mwanawe mwenyewe, atakwenda kuona. Akamtumia Daktari salamu. Daktari akajibu kwamba atafurahi mno, na kwamba safari ya Taru ni wiki inayokuja.

Baba alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na mkoba wenye msala wa kusalia na tende. Akakaa mbele na Ami, mimi na Daktari nyuma. Ami, aliyezoea kuimba nyimbo za kanisa tangu Ukunda mpaka Samburu, alijizuia kwa heshima ya Mwalimu. Tulipofika Kwale alikuwa ameanza kusinzia kwenye usukani. Baba akauliza ana nini. Nikasema amezoea kuimba. Baba akamwambia aimbe tu, kufika salama ni bora. Basi tukapanda na kushuka milima ya Shimba kwa nyimbo za kanisa, Baba anaitikia kwa kutikisa kichwa pale palipokuwa na mapigo mazuri.

Baada ya Kinango rejeta ikachemka. Maji karibu yote tuliyobeba yakaishia humo, tukabakiwa na ya kunywa, tena ya kupimiana.

Tulipofika uwandani Daktari alimwonyesha Baba vigingi, kamba, glavu, vijiko vilivyofungwa kwenye karatasi, nami nafasiri. Baba alitazama kila kitu bila haraka. Kisha akaniambia nimwulize Daktari kama anadai kuyajua mambo yaliyofichika. Nilimfasiria hivyo hivyo. Daktari akacheka kidogo, si kwa dharau, akasema hajui kitu chochote, na ndiyo sababu amekuja mpaka hapa na jua hili. Niliporudisha jibu uso wa Baba ukalainika. Mpiga ramli aliyesema hajui kitu alikuwa hajawahi kumsikia.

Jua lilikuwa limeshapinda, wakati wa adhuhuri. Baba akajitenga. Sisi tulikuwa ubavu wa pili wa gari, Ami anafunga turubai la kivuli, mimi napakua wali. Baadaye nilimwona anasali mbali kidogo, nikasubiri amalize ndipo nikamkaribisha chakula. Tulipokwisha kula, Daktari alifunga kitambaa mdomoni, akavaa glavu zake, akachota mchanga wa kutosha chupa zote. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo na vumbi lilituingia mpaka masikioni. Kurudi, Baba alilala njia yote. Alipoamka Ukunda aliniambia kazi yangu ni ya ajabu lakini si ramli, na Ijumaa atawaambia hivyo wenzake.

Siku chache baadaye, Jumamosi asubuhi, nilifungua kabati la chupa kama kawaida. Chupa moja ilikuwa imeingia ukungu. Si ukungu wa kubahatisha. Supu ilikuwa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Nilimwita Daktari, sikumbuki kwa Kiingereza au kwa Kidigo. Alikuja na mswaki mdomoni. Aliiinua chupa kwenye mwanga, akaiweka chini, akaiinua tena, akanishika mikono yote miwili na tukazunguka ile meza kama watoto. Taru ilikuwa imejibu. Alikaa pale pale akaandika maneno ya simu ya upepo ya kuwapelekea wenzake kwao, akasema Jumatatu atavuka feri aipeleke posta ya Mombasa mwenyewe.

Nilifika nyumbani nimejaa habari. Baba alikuwa anakula. Nilisimulia kwa mikono na miguu, na Mama akafurahi kwa kuwa mimi nimefurahi. Baba aliniuliza mchanga huo ulichotwa wapi.

"Pale uwandani, Baba, siku tuliyokwenda wote."

"Pale penye vigingi vinne na kamba?"

"Hapo hapo."

Akaacha kula. Akanawa, akajifuta vidole kimoja kimoja. "Mwanangu," akasema, "hapo ndipo nilipotayamamu."

Kwa asiyejua, tayamamu ndiyo badala ya udhu pale maji yasipotosha: unapiga viganja juu ya udongo safi wenye vumbi, ukapangusa uso, ukapiga tena, ukapangusa mikono. Baba aliona maji yaliyobaki ni ya roho zetu. Akatafuta udongo safi. Kila upande aliona kinyesi cha mbuzi, isipokuwa mahali pamoja, palipozungushiwa kamba, ambapo kwa macho yake alikuwa ameonyeshwa jinsi panavyolindwa dhidi ya uchafu. Safi kuliko pale angepapata wapi? Hakukanyaga ndani. Aliinama tu juu ya kamba, kama Daktari mwenyewe afanyavyo, akapiga viganja, na upepo ukafuta alama.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikupata nafasi ya lolote, maana Baba alikuwa ameshaamua. Nilisema huenda si mkono wake, huenda ni mchanga kweli. Akasema huenda, lakini Daktari hana budi kuambiwa kabla hajapeleka simu yake. Nilisema basi nitamwambia mimi Jumatatu alfajiri. Akasema mkono ni wake, atakwenda yeye. Usiku ule sikuwa na raha. Niliona kazi inaniponyoka, na zaidi ya kazi niliuona uso wa Daktari vile ulivyokuwa tukizunguka meza.

Jumapili asubuhi tulipanda basi la kwanza. Daktari alitupokea kwa furaha, akataka kumwonyesha Baba ile chupa. Baba akakataa kuketi, akaniambia nifasiri neno kwa neno. Sijawahi kufanya tafsiri ngumu kama ile. Kiingereza changu chote cha shule hakikuwa na neno la tayamamu, ikabidi nipige viganja juu ya meza na kujipangusa uso mbele yake. Ami alikuwa amesimama mlangoni, anauma mdomo kuzuia kicheko.

Daktari alikaa juu ya lile sanduku la mbao. Halafu akauliza, "Mkono upi?"

"Yote miwili," Baba akajibu. "Na ninaomba radhi. Sikuharibu kwa kusudi."

Nikafasiri. Daktari aliikunja ile karatasi ya simu akaitia mfukoni mwa suruali. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, na Ami naye akaona ruhusa imetoka, akatoka uani akacheka huko kwa sauti. Baba alibaki amesimama wima na heshima zake, lakini nilimwona ndevu zinacheza.

Daktari alipotulia alimwomba Baba kitu kimoja: kama hatajali, aweke kiganja chake juu ya sahani ya kioo. Ndani ya sahani hizo tulikuwa tunagandisha supu kwa unga wa mwani, inashikana kama faluda. Kijidudu kikitua hapo hakiendi popote, kinazaana pale pale mpaka kinaonekana kwa macho. Baba akauliza kama anaweza kunawa kwanza. Daktari akasema anawe kama anavyonawa kwa sala. Akaenda bombani, akatia udhu kamili, akarudi, akabonyeza kiganja juu ya faluda ile kwa uangalifu mkubwa. Tukafunika.

Jumamosi iliyofuata alikuja kuona. Kiganja kilikuwa kimeota. Vidole vyote vilikuwepo, na mistari ya mkono, vimechorwa kwa madoa ya manjano, meupe, mengine ya rangi ya machungwa. Kwa kweli kilikuwa kizuri. Baba alikitazama sahanini, akautazama mkono wake, akakitazama tena.

"Na hapa nilikuwa nimetawadha?"

"Ulitawadha, Baba. Nilikuona."

"Kwa sabuni?"

"Hukutia sabuni."

Akakubali kwa kichwa, akaniambia nimwulize Daktari ana sahani ngapi za kuazima. Wiki iliyofuata watoto wa chuo chake walipangwa foleni, kila mmoja akabonyeza kidole kabla ya kuosha kwa sabuni na baada ya kuosha. Sahani zilipoota Baba alizipanga juu ya jamvi, akamwacha kila mtoto atafute bustani yake. Hakutoa hotuba. Wazazi wakaanza kulalamika kwamba sabuni nyumbani inakwisha upesi.

Ile chupa nyeupe, nayo, haikutupwa. Daktari aliniambia kwamba mikono ya Baba imemfanyia kazi ambayo hakuitegemea. Imemwonyesha kwamba kisanduku kinaona vizuri. Kwa hiyo kama kisanduku ni kizima na mchanga una uhai, kasoro iko kwenye supu. Ilikuwa nzito mno. Vijidudu vilivyozoea njaa ya Taru vikitumbukizwa ghafla katika supu ya ng'ombe haviwezi kuistahimili. Nilipomweleza Mama alielewa mara moja, akasema nani anayefuturu kwa pilau. Tukaanza kuzimua supu kwa maji, mpaka Ami akalalamika kwamba sasa imekuwa ya kuoshea vyombo. Tulingoja sana. Msimu wa mvua ndefu ulipokaribia, chupa zikaanza, moja moja, kupata ukungu mwembamba, kama pumzi juu ya kioo. Safari hii Daktari hakurukaruka. Alirudia jaribio, akarudia tena, na supu iliyotiwa mchanga uliopikwa kwenye joto kali la kuua kila kijidudu ikabaki safi kama ilivyotakiwa. Ndipo akavuka feri kwenda posta.

Kuhusu sifa zangu za ramli, Baba alitimiza ahadi. Baada ya sala ya Ijumaa aliwaeleza wenzake kwamba amekwenda, ameona kwa macho yake, na kazi ya binti yake haina ubaya. Wakamsikia vizuri. Jumatatu tulikuta wateja ngazini kuliko siku zote, kwa kuwa sasa Mwalimu mwenyewe ameruhusu. Nilichoka kubisha. Wengi wao, nilikuja kugundua, hawakutaka hata jibu. Walitaka mtu wa kukaa naye na kumweleza habari za posa mbili na mtunza bustani, na biskuti zilikuwepo. Yule mama wa Gazi alikuja tena, safari hii na mumewe na ile redio, kunisalimu tu.

Daktari aliondoka mvua zilipokolea na barabara ya Kinango ikawa haipitiki. Aliniandikia maneno mazuri ya kuniombea nafasi ya kusomea kazi za maabara Nairobi, na nafasi nikaipata. Kazi hiyo ndiyo niliyoifanya mpaka nilipostaafu. Siku ya kufunga mizigo alizunguka nyumba akigawa vitu. Ami alipewa turubai na buti. Baba alipewa saa ya mkono, akaipokea kwa mikono miwili. Kwetu alituletea friji yake ya mafuta ya taa, kwa sababu haikuingia kwenye sanduku lolote.

Ilikuwa friji ya kwanza mtaani kwetu. Tuliiweka ukumbini, mkabala na mlango, na Mama akaitandikia kitambaa cha kutarizi juu. Ramadhani iliyofuata, kabla sijaondoka kwenda Nairobi, kila alasiri watoto walisimama mlangoni na vikombe, na Mama akawagawia vipande vya barafu wavipeleke makwao kwa ajili ya futari. Wengine walikuwa hawajawahi kushika barafu. Walipokea, wakaanza kutembea taratibu, kisha mbio, kila mmoja akitaka kufika nyumbani kabla haijayeyuka.